Ukiwapeleka Watoto Ulaya, Anzia Kilwa

Kila mwaka mawakala wa safari wa Dar es Salaam na Nairobi hutangaza ziara za Ulaya kwa familia, na watu hulipa: Paris, Brussels, Amsterdam, Cologne, Zürich na Milan, zote kwa mkupuo mmoja. Familia inalala hapa leo, kesho kule. Inashushwa chini ya mnara wa Eiffel, inapiga picha, inarudishwa kwenye basi. Nimezungumza na watoto kadhaa waliotoka kwenye ziara za namna hiyo. Wanakumbuka basi, wanakumbuka aiskrimu, wanakumbuka lifti ya hoteli. Siwalaumu wao wala wazazi wao, waliojibana miaka mingi ili kuwapa watoto kitu kizuri. Naumia tu kwamba fedha zile zile na viza ile ile zingeweza kuwapa watoto hao jambo la kusimulia hadi uzeeni.

Maoni yangu ni haya. Mzazi wa Afrika Mashariki anayetaka kuwaonyesha wanawe maeneo ya kihistoria ya Ulaya asikimbizane na orodha ya miji mikuu. Achague kona moja ya bara lile akae nayo, na kona ninayoipendekeza kwa moyo wote ni kusini-magharibi: Andalusia ya Uhispania, kisha Ureno. Na kabla hajakata tiketi ya ndege, awapeleke watoto Kilwa Kisiwani.

Gharama zenyewe zinatulazimisha kuchagua. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto aliyetimiza miaka 6 lakini hajafika 12. Mwenye miaka 12 analipa kama mtu mzima na anachukuliwa alama za vidole. Kuna bima ya safari isiyopungua euro 30,000 kwa kila mmoja, taarifa za benki, barua ya mwajiri, vyeti vya kuzaliwa. Familia ya watu wanne hutoa fedha nyingi kabla hata ya kujua kama itakubaliwa, na fedha ya maombi hairudi. Mtu aliyepita kwenye tundu hilo la sindano hana sababu ya kwenda kukodolea macho jengo ambalo halina la kumwambia.

Kilwa haihitaji viza. Basi la asubuhi kutoka Mbagala linakufikisha Kilwa Masoko, unachukua kibali, unavuka kwa boti, na mwongozaji anakutembeza. Pale kuna Msikiti Mkuu, wenye nguzo na kuba za mawe ya matumbawe, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa sana baadaye. Ukitembea kuelekea mashariki unafika Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ya karne ya 14, yenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Msafiri Ibn Battuta wa Tangier alitua Kilwa mwaka 1331 akauhesabu mji ule miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, na alikuwa ameona mingi. Watoto wangu walishuka ndani ya birika lile kavu, wakakaa kwenye vidato vyake, wakauliza maji yalipandishwaje huku juu. Tulibishana hadi mwongozaji akatuita tuwahi boti.

Nawasihi wazazi wasiiruke hatua hiyo. Mtoto akianzia Ulaya, atayakuta mawe yaliyotunzwa, yenye maelezo kwa lugha sita, taa na duka la zawadi, na atajifunza bila kuambiwa na mtu kwamba historia ni kitu cha watu wengine. Akianzia Kilwa, atafika Granada akiwa na cha kulinganishia.

Granada ndiyo mahali pa kuanzia. Kasri za Alhambra ambazo dunia nzima huenda kuzitazama zilijengwa kwa sehemu kubwa na Yusuf wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1333 hadi 1354, na mwanawe Muhammad wa Tano. Tazama tarehe hizo: Husuni Kubwa ilipokuwa inajengwa na ilipokuwa inaachwa, mafundi wa Granada nao walikuwa kazini. Ni karne moja, dini moja, na mapenzi yale yale ya maji ndani ya nyumba. Na kuna mtu mmoja aliyeiona miji yote miwili. Karibu na mwaka 1350 Ibn Battuta alifika Granada. Yusuf alikuwa mgonjwa, hakuweza kumpokea, lakini mama yake sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Katika bustani moja ya mji ule msafiri alisimulia habari zake mbele ya kijana mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na ni huyo huyo ambaye baadaye, mjini Fez, aliandika kitabu kizima cha safari kwa kusimuliwa, kikakamilika mwaka 1355. Kwa hiyo maelezo ya Kilwa ambayo wanahistoria wetu wanayategemea hadi leo yametoka kwenye kalamu ya mtu wa Granada. Niliwaeleza wanangu jambo hilo tukiwa tumekaa kwenye ngazi nje ya lango, tukisubiri zamu yetu, na mdogo akataka kujua kama Ibn Battuta aliitaja Mombasa pia. Aliitaja, alilala pale usiku mmoja kabla ya kuendelea Kilwa.

Zamu ni lazima. Tiketi ya Alhambra inaandikwa jina na namba ya pasipoti, na inataja saa ya kuingia kwenye kasri za ukoo wa Nasri, ukoo wa Yusuf. Ukichelewa umekosa. Nunua mapema, tena mapema sana, maana za msimu wa likizo huisha wiki nyingi kabla.

Ndani, ukutani, kuna maneno yaliyochongwa na kurudiwa mara zisizohesabika: wala ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ndiyo iliyokuwa kauli ya wafalme wale. Binti yangu amesoma chuo cha Kurani tangu akiwa mdogo, kwa hiyo herufi anazijua, ila hizi zimesukwa na majani na maua hadi jicho linapotea. Alisimama mbele ya ukuta mmoja, kidole hewani bila kugusa, akafuatisha mstari kutoka kulia, akakwama, akarudi, mara akaisoma yote kwa sauti. Bwana mmoja wa makamo aliyekuwa amevaa kifaa cha maelezo sikioni alikivua akamwomba arudie. Akarudia. Kuanzia hapo hakuna mtu aliyehitaji kumhimiza. Kila chumba alichoingia aliitafuta ile kauli kwanza, juu ya milango, kwenye dari, pembeni mwa madirisha, na katika Ua wa Simba, ambako simba 12 wa marumaru wamebeba birika migongoni, ilibidi tumvute mkono kutoka.

Maelfu ya watoto wa pwani yetu, wa Tanga, Lamu, Unguja, Pemba na Mtwara, wanayo elimu hiyo ya chuo na hawajui kwamba ina kazi nje ya chuo. Hapo Granada mtoto wa Kariakoo anakuwa msomaji wakati profesa aliyetoka Kaskazini anategemea kifaa.

Mji ule ulikabidhiwa kwa wafalme Wakristo Isabella na Ferdinand tarehe 2 Januari 1492. Waislamu waliobaki waliahidiwa dini yao, kisha wakalazimishwa kuiacha, na hatimaye vizazi vyao vikafukuzwa Uhispania kati ya 1609 na 1614. Mwaka 2003 ulifunguliwa msikiti mpya katika mtaa wa Albaicín, juu ya kilima kinachotazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde. Tulisali Alasiri pale. Bustani yake iko wazi kwa wageni wa dini zote, na sijaona mahali pazuri zaidi pa kukalia jioni katika mji ule.

Córdoba ni safari fupi ya treni ya kasi. Msikiti wake ulianzishwa na Abdurrahman wa Kwanza mwaka 785, ukapanuliwa na waliomfuata kwa miaka mia mbili, na leo una nguzo 856 zinazobeba matao mawili mawili, moja juu ya jingine, ya mawe meupe na matofali mekundu. Nguzo nyingi zilichukuliwa kwenye majengo ya Warumi na ya wafalme Wakristo waliowatangulia Waislamu, ndiyo maana hazilingani rangi wala kimo. Mwaka 1236 mji ulitekwa, msikiti ukawa kanisa, na kuanzia 1523 katikati yake pakajengwa kanisa kuu refu lililochomoza juu ya paa. Unatembea kwenye kivuli cha matao, mara unatokea kwenye mwanga na dhahabu na sanamu. Waislamu hawaruhusiwi kusali mle. Mihrabu ya al-Hakam wa Pili, yenye nakshi za vioo vya rangi na dhahabu, imezungushiwa chuma, watu wanaipiga picha kwa zamu.

Nilihuzunika, na sikuwaficha watoto. Lakini mwanangu alipouliza nani mwenye haki na jengo lile sikumpa jibu la mkato. Nilimwambia kwamba masimulizi ya kale yanasema hata kabla ya msikiti palikuwa na kanisa; kwamba wale walioligeuza kuwa kanisa hawakulibomoa, na kwa hilo tumebakiwa na matao; na kwamba pale Kilwa hakuna aliyelitwaa jengo, liliachwa tu, na mvua na mizizi vikafanya kazi yake. Tulizungumza hadi chakula cha usiku. Mazungumzo ya namna hiyo hayawezi kutokea kwenye basi linalowahi Brussels.

Sevilla tuipite haraka, ingawa inastahili zaidi. Mnara wa Giralda ulikuwa mnara wa msikiti, wa mwishoni mwa karne ya 12, na ndani hauna ngazi bali mteremko wa zamu 35 uliojengwa ili muadhini aweze kupanda akiwa juu ya mnyama. Watoto wanaukimbilia wote. Miezi ya Julai na Agosti joto la bonde lile hupita nyuzi 40, kwa hiyo kwa wenye watoto wadogo likizo ya Desemba inafaa kuliko ya katikati ya mwaka, na ukilazimika kwenda Juni, tembea asubuhi, lala mchana, toka tena jua likipoa kama wenyeji wanavyofanya. Kutoka Sevilla kwenda Ureno hakuna treni. Watu wanapanda basi.

Basi hilo linakufikisha Lagos, mji mdogo wa bandari kusini mwa Ureno, si ule wa Nigeria. Familia nyingi huja hapa kwa ajili ya ufuko. Mimi nasema, nendeni kwanza kwenye uwanja wa katikati ya mji. Tarehe 8 Agosti 1444 meli zilishusha hapa watu 235 waliotekwa kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Mwandishi wa mfalme, Zurara, alieleza siku ile kwa kirefu: jinsi mateka walivyogawanywa mafungu, mama akatengwa na mwana na ndugu na ndugu, na jinsi Mwanamfalme Henrique alivyokaa juu ya farasi akipokea fungu lake, sehemu moja ya tano, watu 46. Sanamu ya Henrique iko uwanjani pale pale. Jengo liitwalo Soko la Watumwa liko pembeni, sasa ni makumbusho. Mwaka 2009, wakati wa kuchimba maegesho ya magari nje ya ukuta wa kale wa mji, yalipatikana mabaki ya Waafrika zaidi ya 150, wanaume, wanawake na watoto, waliokuwa wametupwa kwenye jalala. Maegesho yalijengwa hata hivyo.

Wapo watakaosema watoto wasiambiwe mambo haya wakiwa likizoni. Nimelisikia hilo kwa ndugu zangu mwenyewe, watu ninaowaheshimu. Sikubaliani nao. Mtoto wa miaka tisa anaelewa vizuri sana maana ya kutenganishwa na mama yake. Akiambiwa na mzazi, pale pale, kwa sauti ya kawaida, huku ameshikwa mkono, ataibeba habari ile kama mtu anayeheshimiwa. Akiachwa aikute peke yake siku moja kwenye simu, ataibeba vibaya. Ila mzazi awe tayari kwa swali linalofuata, maana litakuja. Langu lilikuja usiku ule ule: "Mama, na sisi?" Ndiyo, na sisi. Kilwa Kivinje ya karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya kupakia watu waliotolewa ndani kabisa, upande wa Ziwa Nyasa, na waliowaleta hadi pwani na kuwauza walikuwemo watu wanaofanana na sisi na kusali kama sisi. Soko la watumwa la Unguja, pale Mkunazini, lilifungwa mwaka 1873 tu. Mtu akitaka kulia kwa ajili ya Lagos aijue na Mkunazini.

Baada ya hapo Lisbon inasomeka kwa namna nyingine kabisa.

Kule Belém, ukingoni mwa mto Tejo, ndiko zilikoanzia meli za Wareno kuja kwetu. Mfalme Manuel wa Kwanza alianza kujenga monasteri ya Jerónimos mwanzoni mwa karne ya 16, na fedha ilitokana na kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki. Ni jengo zuri. Hilo nalisema bila kusita. Mawe yamechongwa kamba za meli, mafundo, matumbawe na mwani, na kwenye ua wa ndani hakuna nguzo mbili zinazofanana. Mlangoni mwa kanisa, upande mmoja amelazwa Vasco da Gama, upande wa pili mshairi Camões, ambaye utenzi wake wa mwaka 1572 uliwafanya Wareno wa vizazi vyote waikumbuke Mombasa kama mji wa hila na Malindi kama mji wa wema. Sanamu ya da Gama juu ya kaburi imekutanisha viganja, anaomba.

Nilisimama pale muda mrefu. Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, mtu huyu aliiteka meli ya mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka, mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, akaichoma moto baharini. Na miezi michache kabla ya hapo, Julai ya mwaka ule ule, alikuwa ametia nanga Kilwa. Watoto wanaweza kuona vitu viwili kwa pamoja: uzuri wa jiwe na ubaya wa tendo. Watu wazima ndio tunaoshindwa, tunataka kuchagua kimoja.

Hatua chache kuelekea mtoni kuna mnara wa Padrão dos Descobrimentos, wenye kimo cha mita 52, uliojengwa upya kwa zege na mawe mwaka 1960, na mbele yake sakafuni ramani ya dunia ya marumaru iliyotolewa mwaka ule na Afrika Kusini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Watoto wanapenda kuruka kutoka bara hadi bara. Mnara wa Belém nao, wa kati ya 1514 na 1519, una kichwa cha kifaru kilichochongwa chini ya kibanda cha mlinzi, kimelika na mvua lakini kinaonekana. Kifaru mwenyewe aliletwa hai kutoka Gujarat mwaka 1515, mji mzima ukatoka kumtazama. Baadaye mfalme akampeleka zawadi kwa Papa, meli ikazama njiani. Mwanangu alihuzunika kwa kifaru yule kuliko alivyohuzunika kwa mfalme yeyote, na nadhani hakukosea.

Kula yenyewe si tabu. Asiyekula nguruwe aulize kila mara, hata kwenye supu ya mboga. Samaki ni tele, na bacalhau, samaki wa chumvi aliyekaushwa kama ng'onda wetu, anapikwa kwa viazi, vitunguu na mafuta ya zeituni, na watoto waliokulia pwani wanamkubali bila kulazimishwa. Viatu viwe vya kutembelea, maana barabara za vijiwe vya Lisbon zina vilima na zinateleza. Kama kuna muda, pandeni hadi kanisa la Carmo, ambalo halina paa tangu tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lililoangusha sehemu kubwa ya mji na kufuatiwa na mawimbi na moto. Na mkipita karibu na bunge, jina la mtaa wa Poço dos Negros, Kisima cha Weusi, linatokana na shimo ambalo Mfalme Manuel aliagiza lichimbwe mwaka 1515 la kutupia maiti za watumwa.

Lakini kilichonipeleka Lisbon kimo ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, kwenye kabati la kioo, na mtu asiyekijua atakipita. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waiabudu. Haifiki mita moja kwa kimo. Ni ya dhahabu, na ndani yake wamepiga magoti mitume 12, kila mmoja na nywele zake, ndevu zake, joho lake lililotiwa rangi ya kuchoma kwa moto, wadogo kiasi kwamba unapaswa kusogeza uso hadi pumzi inatia ukungu kwenye kioo. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Chini, kwenye kitako chake, kuna maandishi yanayozunguka, na yanasema wazi kwamba Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikakamilika mwaka 1506.

Jina la Kilwa limeandikwa Qvilva. Binti yangu, ambaye kwa wakati ule alikuwa bingwa wa kusoma kuta, ndiye aliyelipata, na safari hii hakusoma kwa sauti. Alimwita mdogo wake kwa mkono.

Dhahabu ile ilitoka machimbo ya bara, nyuma ya Sofala, ikapitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa; biashara hiyo hiyo ndiyo iliyojenga birika la pembe nane. Da Gama alipotia nanga mwaka 1502 alimtishia Amiri Ibrahim kwamba atauteketeza mji asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kila mwaka. Mji ukalipa. Miaka mitatu baadaye, Julai 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na kikosi, akauteka mji ule ule uliokuwa umelipa, akajenga ngome, kisha Agosti akaipora na kuichoma Mombasa. Mwaka 1512 Wareno wakaondoka Kilwa, biashara ikiwa imevunjika. Mfalme alibaki na monstransi yake. Katika wosia wake aliiachia monasteri ya Belém.

Watanzania tumebishana kwa miaka kuhusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimamishwa Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Bungeni ametajwa, magazetini ametajwa. Kuhusu dhahabu ya Kilwa sijasikia hata minong'ono. Mjusi ni wa ajabu, lakini hakuna Mtanzania aliyemtengeneza. Dhahabu ile ilichimbwa na Waafrika, ilipimwa na Waswahili, ilitolewa kwa vitisho, na maandishi ya mfalme mwenyewe yanakiri ilikotoka. Ni vitu vichache sana katika makumbusho za Ulaya vilivyobeba ushahidi wa namna hiyo juu ya miili yao.

Sidai irudishwe. Mikono ya fundi iliyoipa sura ni ya Lisbon, na imani iliyotengenezewa ni ya watu wa kule, ingawa ni ya mamilioni ya Watanzania pia. Ninachodai ni kwamba iazimwe. Ufaransa iliirudishia nchi ya Benin vitu 26 vya kasri za Abomey mwaka 2021. Ujerumani ilianza kuirudishia Nigeria sanamu za shaba za ufalme wa kale wa Benin mwaka 2022. Aprili 2024 Marcelo Rebelo de Sousa, aliyekuwa Rais wa Ureno wakati huo, alisema hadharani kwamba nchi yake inapaswa kubeba gharama za maovu ya ukoloni, serikali yake ikajibu kuwa haina mpango huo. Mlango hauko wazi, lakini haukufungwa kwa kufuli. Ombi la kuazima chombo kimoja kwa maonyesho ya miezi michache ni ombi ambalo makumbusho hupelekeana kila siku, na Wizara ya Maliasili na Utalii, yenye dhamana ya malikale, ndiyo inayopaswa kuliandika. Kibao cha maelezo cha Kiswahili kando ya kioo kule Lisbon kiombwe kwenye barua hiyo hiyo.

Nalisema hili kwa sababu ya watoto ambao hawatakwenda. Ushauri wangu wote hapo juu ni wa familia zenye uwezo, na hizo ni chache. Mwanafunzi wa Kilwa Masoko anayepita kila siku mbele ya bahari ile hana taarifa ya benki ya kumwonyesha ofisa wa viza. Monstransi haihitaji viza; inahitaji sanduku zuri, bima na ulinzi. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yana uwezo wa kuipokea, na shule za Kilwa zipewe mabasi na siku za kwanza kabla ya waheshimiwa.